Na Mwenye Kusindikiza

Mpaka leo, nikisinzia mchana kwenye kiti changu, ninamwona amepiga magoti juu ya turubai la kijani. Ananyoosha mkono bila kunitazama, anangoja nimsomee kitu kinachofuata. Nyuma yake mlango wa biro, ofisi yetu, uko wazi, na vumbi la mgodi linaingia taratibu, jekundu kidogo, linakaa juu ya kila kitu isipokuwa vitu vyake. Hakuna mwenye haraka. Mi ninasoma, yeye anaitikia, na hakuna mtu anayeondoka. Halafu mjukuu anabamiza mlango, nami naamka na hasira.

Wote tulimwita Mufungaji. Tata Mufungaji, yaani Baba Mufungaji, tukiwa mbele yake. Jina lake la kwenye karatasi ninalijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu niliwahi kuliacha kwa makusudi, kisha nikalazimika kuliandika herufi kwa herufi. Nitafika huko. Kwa miaka mingi nilimwekea kinyongo kwa ajili ya jina hilo. Nilitaka anijibu swali moja tu: mlango niliokufungulia, ulikataa kupita kwa sababu gani? Nilikuwa tayari kusafiri mbali kulifuata jibu, na mwishowe nilisafiri kweli.

Kampuni ya shaba pale Kolwezi, huko Katanga, ilikuwa na idara ndogo ya filmu, vyumba vitatu nyuma ya ghala. Wapiga picha wetu walizunguka na kamera kurekodi mashimo ya mgodi, mechi za mpira, watoto wa shule wakipita kwa mistari. Jumamosi jioni filmu hizo zilionyeshwa kwenye ukuta mweupe wa ukumbi wa wafanyakazi, na watu walikuja kujitafuta wenyewe ukutani. Mi nilikuwa karani wa mashini ya kuandika. Yeye alikuwa na kazi moja: kuifunga kamera na jamaa zake zote ili zipande ndege na zifike nzima.

Vijana wa sasa wanarekodi harusi nzima kwa simu ya mfukoni, basi nikiwaambia habari za masanduku saba wanacheka. Kamera yenyewe tu ilikuwa na uzito wa nusu mfuko wa saruji. Ilikuwa na lenzi nne, magazini tatu za kuwekea filmu, betri za kuvaa kiunoni, miguu mitatu ya mbao iliyomshinda mtu mmoja kubeba, taa, nyaya, na makopo ya filmu. Ndege ya kampuni ilikuwa ndogo. Rubani alipima kila kitu, na kilichozidi alikiacha pale chini kwenye majani bila huruma.

Mufungaji alianza siku mbili kabla ya safari. Alitandaza turubai, akatoa vitu vyote, akavipanga kufuatana na jinsi vitakavyotoka huko vinakokwenda. "Mwenye kufungua atakuwa amechoka," alituambia. "Kile atatafuta ya kwanza, kikuwe ya juu." Lenzi alizizungusha mpaka alama ya mwisho, ile ya mbali kabisa. Wapiga picha walisema ni kwa sababu hapo vyuma vya ndani vinatulia. Yeye alisema lenzi isafiri ikiangalia mbali, itachoka ikiangalia ukuta wa sanduku. Skrubu za miguu alizilegeza nusu, maana kilichokazwa sana hupasuka ndege ikitikisika. Sponji aliikata kwa kisu cha jikoni kutoka magodoro makuukuu, na kila tundu lilikuwa na umbo la kitu chake, hata ukifungua sanduku tupu uliijua kamera kwa shimo lake. Filmu hakuziweka kamwe chini kwenye mizigo. Hizo zilipanda na mtu, juu ya magoti yake, ndani ya mfuko wa kitenge ulioshonwa na mke wake.

Tena kulikuwa na mchele. Katika kila sanduku alitia kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu, uvute unyevu usiingie kwenye lenzi. Siku za neema hakuna aliyeujali mchele ule. Ilipofika miezi ile mishahara haionekani, tulianza kuutazama. Shefu, mkuu wa idara yetu, mwenyewe nilimkuta asubuhi moja ameinama juu ya sanduku la tatu, akapapasa kifuko, akaniona, akajifanya anakagua kufuli. Mufungaji alivihesabu vifuko kila siku. "Ile mchele haiko chakula," alisema. "Iko mufanyakazi, sawa weye."

Nilimwona mkali kupita kiasi, nikamsema vibaya kwa wenzangu. Halafu Ijumaa moja akawasha mbabula, jiko la makaa, nyuma ya biro, akachemsha vifuko vyote saba, akatupakulia. Yeye hakula. Jumatatu vifuko vilikuwa vimejaa tena, na mke wake akaninong'oneza kuwa nyumbani kwao wamekula bukari, ugali mtupu, na chumvi siku tatu. Mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Unamkasirikia na unampenda, asubuhi hivi, mchana vile.

Kusoma orodha ndiko kulikonifungamanisha naye. Mi niliiandika kwa mashini, nakala mbili, moja ya kubandika ndani ya kifuniko. Kabla sanduku halijafungwa nilisoma kwa sauti, yeye akigusa kila kitu.

"Kamera."

"Iko."

"Lenzi kubwa."

"Iko."

"Magazini tatu."

"Iko, iko, iko."

Hakukubali kuitikia kitu ambacho mkono wake haujagusa. Nikisoma haraka alinyamaza mpaka nirudie. Alisema kitu kisichokuwa kwenye orodha, hata kikipotea, hakuna atakayejua kwamba kilikuwepo, na hilo lilimtisha kuliko wizi.

Mstari wa mwisho aliuongeza baadaye, kwa ajili ya kuku. Mpiga picha alikuwa ametangulia Dilolo kwa treni, akipitia Kasaji, na sanduku la lenzi likapelekwa na ndege bila mtu. Rubani alilishusha kwenye kiwanja cha njiani, siko lilikotumwa, akaondoka. Lilirudi kwetu baada ya wiki tatu. Mufungaji alipofungua kifuniko, kuku mwekundu alikuwa ameketi ndani ya tundu la lenzi kubwa, ametulia, na chini yake mayai manne. Lenzi zilikuwa zimefungwa vizuri kwenye gunia pembeni. Sisi tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Alimtoa kuku kwa mikono miwili, akaja kwenye meza yangu, akasema: "Andika pa mwisho: mwenye kusindikiza. Kintu haiende yenyewe."

Tangu hapo kila orodha iliishia hivyo. Nikimaliza kusoma, yeye mwenyewe aliinua kichwa akauliza, "Na mwenye kusindikiza?" Na yule anayesafiri na masanduku ilimbidi ajibu kwa sauti, "Niko." Asipojibu, kifuniko hakishuki. Hata Shefu alijibu, akiona haya, mkononi ameshika kofia.

Sasa, mtu huyu aliyefunga masanduku kwa ajili ya ndege maisha yake yote alikuwa hajapanda ndege hata siku moja. Aliiogopa. Tulifika kiwanjani, akahakikisha masanduku yameingia, kisha ndege ikianza kukimbia aliipa mgongo, akatazama upande wa vilima vya mchanga wa mgodi mpaka kelele ziishe. "Iko juu?" aliniuliza. Nilimwambia iko juu. Hapo ndipo aligeuka.

Na nyumbani kwake, mama yangu, usiombe kuingia na kitu kidogo. Viatu juu ya redio, redio ndani ya beseni, miwani yake kila siku inatafutwa na nyumba nzima. Mke wake alikuwa mkunga wa materniti, wodi ya wazazi ya kampuni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na alimtania mbele ya wageni. "Uniandikie na mi liste, sawa ile ya masanduku," aliniambia, "nimubandikie ku mulango, apate kujua muke wake iko chumba gani." Ni yeye aliyempokea binti yangu wa kwanza duniani, asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka madirishani. Mufungaji alikuja kuniona, akamtazama mtoto alivyofungwa kwenye nguo, akasema mkunga amefunga vizuri. Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kumsikia akimpa mke wake.

Kipindi kile ninakikumbuka kama filmu zetu zenyewe zinavyokumbukwa, bila sauti. Watu wanatembea polepole kwenye ukuta mweupe. Mechi inachezwa, mpira haufiki chini. Mwanamke anageuka kututazama, anacheka, halafu filmu inaisha na ukuta unabaki mweupe tena. Mufungaji alisimama nyuma kabisa siku za maonyesho. Hakuangalia wachezaji. Alikuwa anaangalia kama picha ina ukungu, kama lenzi imefika salama kule ilikotumwa. Ikiwa safi aliondoka kabla ya mwisho.

Kisha vitu vikaanza kuanguka kimoja kimoja. Mgodi mkubwa ukaporomoka, viwanda vikazima, ndege ikawa inakuja mara moja kwa mwezi, halafu haiji. Na katika njaa ile watu wakatafuta wa kulaumu. Watu wa asili ya Kasai, upande wa jirani, wakaambiwa warudi kwao, hata wale waliozaliwa Kolwezi na wazazi waliozaliwa Kolwezi. Mi ni mtu wa hapa, baba yangu alitoka upande wa Kasaji, na hakuna aliyenigusa. Nilipita kila asubuhi mbele ya nyumba zilizong'olewa milango nikienda kazini na mkoba wangu, na ninaona haya kuandika kwamba nilipita tu. Wenye nyumba walikuwa stesheni, maelfu, wakilala chini wakingoja treni za Kasai ambazo hazikuja. Mufungaji na mke wake walikuwa wa huko kwa asili.

Siku moja Shefu akaniletea karatasi. Kila idara iandike watu wake wa Kasai na familia zao, ili wapewe nafasi kwenye treni. Alizungumza huku anatazama dirishani. Kwetu zilikuwa familia nne. Niliandika tatu, majina yote, hata ya watoto wa kunyonya. Nilipofika kwa Mufungaji vidole vilisimama. Nikawaza: Shefu hatahesabu, wale wa ofisi kuu hawatujui hata sura, na jina lake likikosekana hapa atasahauliwa, yeye na nyumba yake yote. Nikatoa karatasi kwenye mashini. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Shefu akaichukua, akaishika kidogo, kisha akamwita Mufungaji kutoka chumba cha nyuma. "Tata, weye njo mwenye kujuaka maliste," akasema kwa aibu. "Angaria kama majina iko sawa. Hatupende mutu abakie ku stesheni juu ya kosa ya mashini."

Mufungaji hakuwa na miwani, kama kawaida. Akaniambia nisome.

Nilisoma. Kila jina aliitikia "iko", taratibu, na mkono wake ukasogea kidogo hewani ukitafuta kitu cha kugusa. Nilifika jina la mwisho, la mtoto wa miezi minne, naye akaitikia. Nikakunja karatasi.

"Na mwenye kusindikiza?" akauliza.

"Imeisha, Tata."

"Haiishe. Na mwenye kusindikiza?"

Nilimtazama. Nilimwomba kwa macho, kwa uso wangu wote, nyamaza, nyamaza tu, ni dakika moja. Alikuwa hana miwani, lakini aliniona vizuri sana.

"Andika, Mama Mashini," akasema. Ndivyo alivyoniita. "Andika jina yangu. Niko."

Akanitajia herufi moja moja, kana kwamba silijui. Nikaingiza karatasi mpya, nikaandika upya familia zote nne, na machozi yakaniharibia mstari mmoja. Ile ya kwanza, isiyokuwa na jina lake, niliificha kwenye mkoba. Nilitaka kuwa na ushahidi kwamba nilijaribu. Nilijisemea: ni kiburi, anataka kuwasindikiza wengine aonekane mwanaume, na mi nimebaki na mikono mitupu.

Kabla hawajaondoka, akafunga kamera kwa mara ya mwisho. Ofisi kuu ilitaka vyombo vyote vya filmu vipelekwe Lubumbashi, na ndege ingekuja. Alitumia siku zake mbili kamili juu ya turubai, huku mke wake akisukumia masufuria ndani ya gunia peke yake. Nilimkasirikia.

"Na nyumba yako, nani anafunga?"

"Nyumba haina tundu mu sponji," akajibu, akaendelea kuzungusha lenzi mpaka alama ya mbali.

Alipouliza mwenye kusindikiza, hakuna aliyejibu. Hakuna mtu aliyepewa kiti. Akangoja sana, akiwa bado kwa magoti, kisha kwa mara ya kwanza akashusha kifuniko bila jibu. Masanduku saba yakaondoka yenyewe, na mpaka leo hakuna anayejua yalikoishia. Wao walikaa stesheni wiki sita kabla ya kupata behewa. Nilipeleka unga mara mbili. Mara ya tatu nilikuta majivu ya mioto yao tu.

Miaka kumi na kitu ikapita. Binti yangu, yule wa asubuhi ya ukungu, alisoma Lubumbashi, akampenda kijana wa Mbuji-Mayi, akaolewa huko Kasai. Alipojifungua nilikwenda kumwona, kwa ndege, maana kule karibu kila kitu kinafika kwa ndege: sabuni, samaki wakavu, magodoro, hata mbuzi. Kwenye mkoba nilikuwa na ile karatasi, imekunjwa mara nne. Nilimuuliza mkwe wangu kama amewahi kusikia habari za mzee mmoja aliyetoka Kolwezi, anayejua kufunga mizigo. Akacheka. Alisema wafanyabiashara wote wa kiwanja cha ndege hawapandishi kikombe bila mzee huyo.

Nilimkuta siku ya kurudi kwangu, chini ya banda la mabati kando ya kiwanja, amepiga magoti juu ya turubai. Nywele nyeupe zote. Alikuwa anafunga taa za kioo ndani ya maganda ya mahindi. Nilisimama nikasema tu, "Lenzi kubwa."

Mikono ikasimama. "Iko," akasema, halafu akageuka. "Mama Mashini."

Tuliketi. Alicheka kwamba huku watu wanamwita mtu wa Katanga, na Kiswahili chake wanakiona cha ajabu. "Kule tulikuwa ba Kasai, huku tuko ba Katanga," alisema. "Njo vile." Nikamuuliza mama, mke wake, yuko wapi.

"Alibakia mu njia. Mu behewa, mbele ya kufika Mwene-Ditu. Alikuwa na homa tangu stesheni."

Swali langu la miaka yote likatoka lenyewe, kwa ukali nisioutaka. "Tata, mi nilikuacha ku ile liste. Nilikuacha kwa makusudi. Juu ya nini ulinilazimisha?"

Alinitazama kwa mshangao, kisha akaelewa kitu, nikaona uso wake unalainika.

"Weye hukujua," akasema. "Jina ya mama ilikuwa mu liste ya materniti. Juma mbili mbele ya ile yenu. Yeye na mama yake muzee. Mi nilikuwa nangoja tu ya kwetu ifike." Akachukua ganda la mahindi, akalinyoosha juu ya goti. "Ungeniacha, wangeenda bawili. Na mi ningebakia na masanduku."

Miaka yote ile nilikuwa nimebeba karatasi ya wema wangu, kumbe ni karatasi ambayo ingemwacha mkunga wangu afe kwenye behewa bila mtu wake. Nilimwambia nisamehe, Tata. Nilimwambia zaidi ya mara moja.

"Nikusamehe nini? Uliandika," akasema. "Nilimushika mukono mpaka mwisho. Njo ile tu nilikuwa nataka."

Akauliza saa ya ndege yangu, akauliza mzigo uko wapi. Binti yangu alikuwa amenipa glasi sita za chai za kupeleka nyumbani, nami nilizitia kwenye katoni na gazeti, kizembe. Mufungaji alizitazama akasikitika waziwazi. Akamwaga kila kitu juu ya turubai, glasi, nguo, dawa, na mkoba wangu pia, kabla sijamzuia. Karatasi ikaanguka. Aliifungua. Safari hii miwani ilikuwa shingoni, imefungwa kwa kamba. Alisoma zile familia tatu mpaka chini, nami nikatazama ndege iliyokuwa inapakiwa, nyeupe ndani ya joto, ikitetemeka kidogo.

"Na hii?" akauliza. "Inasafiri?"

"Hapana, Tata."

"Ni karatasi ya muzuri. Laini." Akaikunjakunja mkononi, akaitia ndani ya glasi ya sita, akaisukuma kwa kidole mpaka ikajaa. Glasi akaizungushia sketi yangu, akailaza katikati ya nyingine. Halafu akanipa kalamu na kipande cha katoni niandike orodha, nikaandika, nikasoma, akagusa kila kitu akaitikia. Dawa iko. Kitenge iko. Glasi sita, iko. Nilipomaliza aliinua kichwa.

"Na mwenye kusindikiza?"

Alingoja. Watu wa mizigo walikuwa wanaita, na yeye hakushusha kifuniko, alingoja tu, akiwa amepiga magoti.

"Niko," nikasema.

Kutoka dirishani, ndege ilipoanza kukimbia, nilimwona amesimama nje ya banda. Alikuwa ameipa mgongo. Hapakuwa na mtu karibu wa kumwambia kama tuko juu.

Glasi zote sita zilifika Kolwezi nzima. Ile karatasi niliitoa asubuhi iliyofuata, nikawashia mbabula, nikateleka maji ya chai.